Mwacheni mtahiniwa alale

Kila ufikapo muhula wa tatu, vyumba vya kungojea daktari hubadilika sura. Wagonjwa wa homa na kikohozi hawapungui, lakini huongezeka kundi jingine ambalo sisi madaktari tumelizoea. Ni watoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, wamevaa sare za shule, wameketi kimya kando ya mama zao. Mmoja analalamikia tumbo, mwingine kichwa. Wa tatu anasema macho yanamwasha. Wa nne hasemi lolote, bali mamake ndiye anayesema kwamba mtoto alikuwa mwerevu na sasa "amekuwa mzito ghafla". Ukiwapima, joto la mwili ni la kawaida, damu haina malaria na mkojo ni safi. Ukiwauliza wako darasa gani, aghalabu jibu ni moja: Gredi ya Sita.

Jambo hili linafaa kutushangaza, mpenzi msomaji. Mtihani wa KCPE, uliowatia wazazi na watoto hofu tangu 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mahali pake pana tathmini ya Gredi ya Sita inayojulikana kama KPSEA, ambayo ilianza 2022. Tathmini hii haimfungii mtoto mlango wa kuingia sekondari msingi. Anayeifanya huendelea hadi Gredi ya Saba. Serikali ilieleza kwamba katika kuwagawa wanafunzi kwenye sekondari pevu, KPSEA ingehesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20 nyingine, na mtihani wa Gredi ya Tisa asilimia 60.

Ni ishirini kwa mia, si mia kwa mia. Hata hivyo mtoto anaamshwa saa kumi alfajiri kana kwamba maisha yake yote yatakatwa kwa karatasi tano. Jina la mtihani limebadilika lakini ugonjwa wa mtihani umebaki pale pale, na sisi wazazi ndio tuliouhifadhi. Tulifanya KCPE kwa hofu, tukaiweka hofu hiyo sandukuni, na sasa tunawavisha watoto wetu.

Nitasema wazi msimamo wangu ili msomaji asinitafute katikati ya mistari. Katika yote ambayo mzazi anaweza kumfanyia mtoto anayekaribia mtihani, hakuna linaloshinda kumrudishia usingizi wake. Si tuisheni, si vitabu vya marudio, si vitamini za chupa. Na usingizi ndio kitu cha kwanza tunachomnyang'anya.

Mazungumzo yafuatayo nimekuwa nayo mara nyingi, na hubadilika maneno machache tu kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine.

"Daktari, huyu nataka umpe sindano ya nguvu. Na kama kuna dawa ya akili, hata hiyo nitanunua."

"Tutaona, mama. Kwanza nimwulize mwenyewe. Kijana, jana ulilala saa ngapi?"

"Saa sita, daktari."

"Na ukaamka?"

"Saa kumi. Basi huja saa kumi na moja."

Hapo huwa sihitaji kipimo kingine. Mtoto amelala saa nne. Mtu mzima akilala saa nne kila siku kwa mwezi mzima, tutasema ni mgonjwa, atakosana na mkewe, atagongwa na gari. Lakini mtoto akifanya hivyo tunasema anajitahidi.

Mwaka 2016, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo baada ya wataalamu wake kupitia tafiti nyingi. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Aliyetimiza miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane anahitaji saa nane hadi kumi. Hesabu hiyo inajumlisha na usingizi wa mchana, ila usidhani kwamba kusinzia kwa dakika kumi ndani ya basi la shule kunaweza kulipa deni la saa tano.

Kwa nini saa nyingi hivyo? Wengi wetu hufikiri kwamba mtu akilala, ubongo nao umezimwa kama taa. La hasha. Usiku ndio wakati ambao ubongo hupanga yaliyoingia mchana. Alichofunzwa mtoto darasani huwa kimekaa mahali pa muda, kama mizigo iliyoshushwa kutoka kwenye lori na kuachwa uani. Akilala, mizigo hiyo huchukuliwa na kuwekwa ghalani, kila kitu mahali pake. Usipompa usiku wa kutosha, mizigo inabaki uani na kesho lori jingine linakuja kushusha juu yake. Ndiyo maana mtoto anasoma sehemu ya asilimia leo, na kesho anaiangalia kana kwamba hajawahi kuiona. Si mzito. Ghala lake halijafunguliwa.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, waliwapa vijana wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine vijana hao walilala baada ya kukariri, mara nyingine walikaa macho na kuendelea na shughuli zao. Walipoulizwa baadaye, walikumbuka mengi zaidi walipokuwa wamelala. Utasema vijana wawili ni wachache, na ni kweli. Lakini katika miaka mia moja iliyofuata, wengine wengi wamelirudia jaribio la namna hiyo kwa vyombo bora na kwa watu wengi zaidi, na mkondo wa majibu umekuwa ule ule.

Sasa tupige hesabu ndogo ya nyumbani. Ikiwa mtoto wako ni lazima aamke saa kumi na mbili asubuhi, na anahitaji angalau saa tisa, basi awe ameshalala saa tatu usiku. Sisemi awe anatafuta blanketi saa tatu. Awe amelala.

Najua jibu nitakalopewa. Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawaishi katika nyumba yenye chumba cha mtoto. Wanaishi chumba kimoja, pazia katikati, runinga upande huu na kitanda upande ule. Baba anafika kutoka kazini saa tatu, chakula kinapakuliwa saa tatu unusu, habari zinasikilizwa, jirani anapiga hodi. Mtoto analala wakati wakubwa wamelala, kwa sababu hana pa kulala kabla ya hapo. Daktari anayekuambia "mpe mtoto chumba tulivu chenye giza" amesahau anaongea na nani.

Kwa hivyo nitasema linalowezekana. Mtoto ale mapema, saa kumi na mbili unusu au saa moja, hata kama baba atakula peke yake baadaye. Wiki sita kabla ya mtihani, runinga izimwe saa mbili unusu, na taarifa za habari zisikilizwe kwa redio ya chini. Taa ya umeme izimwe upande wa kitanda au pazia lifanywe zito kwa shuka ya pili. Simu isiwe mkononi mwa mtoto saa hizo, kwa maana mwanga wake huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, na michezo iliyomo haina kengele ya mwisho. Ikiwa jirani ana muziki, mwendee kwa heshima. Katika ploti zetu watu hukubaliana kuhusu maji, choo na takataka. Wanaweza kukubaliana kuhusu kelele kwa wiki sita.

Kuhusu basi la saa kumi na moja, hapo mzazi hawezi peke yake. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema kwamba masomo katika shule za kutwa huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa unusu, na kwamba shule isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ilikataza masomo ya likizo. Sheria zipo, na bado kabla jogoo hajawika barabara za Nairobi huwa na mabasi ya manjano yaliyojaa watoto waliolaza vichwa kwenye vioo vya madirisha. Shule nyingine zitakuambia ni wazazi wanaotaka hivyo. Wazazi watakuambia ni shule. Ninashuku kwamba kila upande unasema ukweli nusu. Mkutano wa wazazi ujao, badala ya kuulizana juu ya pesa za sherehe pekee, mtu asimame aulize: mtoto wa kwanza huchukuliwa saa ngapi, na kwa nini? Wazazi kumi wakiuliza pamoja, mwalimu mkuu atasikiliza.

Kuna mbinu za kumkesheza mtoto ambazo ningependa zikomeshwe kabisa. Ya kwanza ni beseni la maji baridi. Mtoto anatiwa miguu ndani ili asisinzie huku akisoma. Huo si ujasiri, ni kumtesa, na anachosoma katika hali hiyo hakimfai. Ya pili ni chai ya rangi nzito usiku, au kahawa, au vile vinywaji vya makopo vinavyodaiwa kuongeza nguvu. Vyote vina kafeini. Mtu mzima akinywa kafeini, saa tano hivi baadaye karibu nusu yake huwa bado imo mwilini. Mtoto aliyekunywa saa mbili usiku anapanda kitandani saa nne akiwa na moyo unaodunda, anageuka huku na huku, halafu asubuhi anahitaji kikombe kingine kumwamsha. Vinywaji vya makopo visinunuliwe kwa mtoto, mtihani uwepo usiwepo.

Mzazi atauliza: je, asome saa ngapi basi? Mimi si mwalimu, lakini nimesoma mitihani mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na naweza kusema hivi. Saa moja hadi moja na nusu jioni, kwa utulivu, inamtosha mtoto wa umri huo ambaye ameshinda darasani kutwa nzima. Asome ukurasa, afunge kitabu, ajiulize alichosoma na ajijibu kwa sauti au kwa kuandika. Mtoto anayesoma ukurasa mara tano akiwa ameukodolea macho hujidanganya kwamba anaujua, kwa sababu ameuzoea kama uso wa kondakta wa matatu yake. Aliyefunga kitabu na kujiuliza anajua alipokwama. Na alichojifunza Jumatatu akirudie Alhamisi, kisha wiki inayofuata, badala ya kukibugia chote siku ya mwisho. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia hapa. Mwambie, "Nieleze ulichosoma leo," kisha nyamaza usikilize. Akikueleza ukaelewa, ameelewa.

Sasa nije kwa tumbo.

Tumbo la mtahiniwa ni jambo ambalo wazazi hulichukulia kwa njia mbili zilizo mbali na zote mbili si sawa. Wengine husema mtoto anajisingizia. Wengine hukimbilia duka la dawa na kununua dawa za vidonda vya tumbo. Ukweli ni kwamba maumivu yenyewe ni ya kweli. Mtu anapoogopa, mwili humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, viganja hulowa, na matumbo hujikunja au huharisha. Mwili haujui tofauti kati ya simba na somo la Hisabati. Mtoto hakuamua kuumwa na tumbo, kama wewe usivyoamua kutetemeka unapoitwa na mkubwa wako kazini.

Utajuaje ni hofu? Angalia kalenda. Tumbo linalouma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, likatulia Ijumaa alasiri, likapotea kabisa siku za likizo, mara nyingi limetoka shuleni. Lakini usijifanye daktari ukapitiliza. Maumivu yanayomwamsha usingizini, kutapika kusikokoma, damu kwenye choo, homa, kupungua uzito, au maumivu yanayohamia upande wa kulia chini ya kitovu na kuzidi kila saa, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Kibole hakijali kama kuna mtihani.

Hofu kidogo si mbaya. Mtoto asiyeogopa chochote hafungui daftari. Ni hofu iliyopita kiasi ndiyo inayofunga akili, na mara nyingi inatoka kinywani mwetu. "Mtoto wa Mama fulani alipata ngapi?" "Mimi nimeuza ng'ombe kwa sababu yako." "Ukianguka usirudi hapa." Mzazi anasema akidhani anamtia moyo, kisha anakwenda zake kulala. Mtoto anabaki na maneno hayo gizani. Ng'ombe uliuza kwa hiari yako kama mzazi, na si deni ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulilipa.

Viboko pia vitajwe. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikakataza pia kumtesa mtoto kiakili. Bado ninaona alama mapajani kila msimu wa mitihani ya majaribio, kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua. Nimeandika ripoti za matibabu za watoto hao na nitaendelea kuziandika. Hakuna kitabu cha tiba kinachosema kwamba kumbukumbu hupitia makalioni.

Neno moja zito nisilopenda kulizunguka. Katika miaka ya KCPE, magazeti yetu yaliripoti tena na tena, matokeo yalipotangazwa, juu ya watoto waliojiua kwa sababu ya alama. Walikuwa watoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo, mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kujitenga, akaacha chakula na michezo, akagawa vitu vyake anavyovipenda, au akasema "mngekuwa na raha bila mimi", usimkemee na usimwombee tu ukaondoka. Keti naye. Mwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru; kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Usimwache peke yake, na mlete hospitali. Pia kuna namba 116 ya Childline Kenya, ambayo hailipiwi, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nirudi kwa yule mama aliyetaka sindano ya nguvu na dawa ya akili. Dawa ya akili ya kuuzwa dukani haipo. Vitamini humsaidia aliyepungukiwa na vitamini. Kwa mwingine huishia chooni na pesa zako nazo. Lakini ombi la mama huyo lisipuuzwe lote, kwa sababu watoto wengine kweli wana kasoro za mwili ambazo tunaziita uzembe.

Upungufu wa damu ni mmoja wa wezi hao. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na makini humpotea. Mwangalie ndani ya kope na viganjani. Akiwa mweupe kupita kawaida, apimwe damu. Mpe maharagwe, ndengu, omena, maini mkipata, terere na mboga nyingine za kijani, pamoja na chungwa au ndimu inayosaidia chuma kuingia mwilini. Hapa nitagombana na Wakenya wote kwa pamoja: chai inazuia madini hayo yasiingie. Kikombe cha chai pamoja na maharagwe kinaharibu nusu ya kazi ya maharagwe, au zaidi. Chai isubiri saa moja baada ya chakula. Ninajua nimegusa pabaya.

Minyoo ni mwizi wa pili. Kuanzia 1998, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia shule 75 za Busia ambako wanafunzi walipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa robo, jambo kubwa kwa tembe za bei rahisi. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Natoa habari zote mbili kwa makusudi. Mpe mtoto dawa ya minyoo kwa ajili ya afya yake, ila usimpe wiki ya mtihani ukitegemea muujiza.

Macho nayo. Mtoto anayekodoa macho akitazama ubao, anayenakili kutoka kwa daftari la jirani, anayesogelea runinga hadi pua inakaribia kuigusa, huenda haoni mbali. Nimewaona watoto waliopigwa miaka miwili kwa kunakili hesabu isivyo, na waliohitaji miwani tu. Jaribio rahisi: simameni mlangoni mwa nyumba, umfunike jicho moja, asome maandishi ya bango la duka lililo ng'ambo ambayo wewe unayasoma. Kisha jicho la pili. Akishindwa, apelekwe kupimwa macho sasa, kwa kuwa miwani huchukua muda kutengenezwa na mtoto huchukua muda kuizoea.

Wenye maradhi ya kudumu wana hesabu yao. Mtoto wa pumu aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na mwalimu anayesimamia ajulishwe. Mwenye selimundu asipigwe na baridi ya alfajiri, anywe maji ya kutosha na asinyimwe ruhusa ya kwenda msalani kwa sababu ya maji hayo. Mwenye kifafa asikose dozi hata moja, na huyu hasa asikeshe, kwani kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha kifafa. Kwa wasichana, wengine huanza hedhi umri huu huu. Mama au shangazi azungumze naye mapema na amwekee sodo mkobani. Msichana aliyeketi akiogopa kusimama kwa sababu ya doa kwenye sketi hawezi kufikiria maswali.

Asubuhi ya mtihani mpe kile alichozoea. Uji wa wimbi, kiazi kitamu au nduma, yai likiwapo, au githeri ya jana iliyopashwa moto vizuri. Siku hiyo si ya kumpikia chakula kigeni eti kumpongeza. Tumbo lenye wasiwasi halipendi wageni. Maji anywe. Usimsomeshe njiani. Jioni anaporudi, usimfungulie karatasi ya maswali na kuanza kumhoji swali moja baada ya jingine, kwa sababu kesho ana karatasi nyingine na ile ya leo imeshakusanywa.

Na akiamka na homa? Mlete. Usimpe panadoli mbili na kumsukuma nje ya mlango. Mwarifu mwalimu mkuu kwa simu asubuhi hiyo hiyo. Watahiniwa waliolazwa wamewahi kufanyia mitihani yao hospitalini, na shule inajua hatua za kufuata. Malaria iliyopimwa saa moja asubuhi hutibika. Iliyofichwa hadi karatasi ya mwisho inaweza kufika kwangu usiku mtoto akiwa hajitambui, na hapo hatutakuwa tunazungumza tena habari ya asilimia ishirini.